Zege Lililolala

Saa moja asubuhi, mbao zilizoshika zege zilipobanduliwa, Ferdinandi aliuona mstari ukutani. Mweusi, kimo cha kiuno, umekwenda toka mlangoni mpaka kona ya chumba. Akaingiza ncha ya mwiko, ikazama nusu kidole.

Zege halilali, hata saidia fundi wa siku moja analijua hilo. Na ukuta huu, unene wake karibu urefu wa kitanda, ulikuwa wa chumba cha mionzi katika kituo cha saratani ambacho chuo cha udaktari kilikuwa kinajenga upande wa Mbegani. Ulitakiwa kumwagwa mfululizo, mionzi isipate pa kupenya. Lakini Jumamosi iliyopita, zege likiwa nusu ukuta, alikuja mgeni rasmi, na mashine ya kuchanganyia ikazimwa ili asikike. Alihutubia kwa muda wa saa nzima, kisha waheshimiwa wengine wakashukuru kwa zamu mpaka jua likageuka. Zege likalala, likakoroma.

"Piga lipu," alisema Msabaha, msimamizi wa saiti. "Mkaguzi anafika saa saba."

"Bosi, huu ni wa kubomoa. Ng'ambo ya ukuta huu watakaa manesi kutwa."

"Ubomoe kwa ratiba ya nani? Tangu jana nimeulizwa mara nne tutafungua lini." Akashusha sauti. "Fundi, mkeo si yule mama lishe? Nasikia titi linamsumbua. Tukifungua, wataandikwa wagonjwa kumi wa mwanzo. Nipe jina lake, nitaliingiza mwenyewe."

Eufrazia, mkewe, alikuwa kibandani nyuma ya lundo la kokoto, ameibana sufuria kwa miguu, anasonga ugali kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto haukuwa unapanda tena. Hospitali ya mjini walimpa tarehe ya mionzi, miezi mitano mbele, naye kila asubuhi alipita kuutazama ukuta kama mtu anayekagua mahindi yake. "Chumba changu kimefikia wapi, baba Vaileth?"

Ferdinandi akararua kipande cha mfuko wa saruji, akaandika jina la mkewe, akampa Msabaha. Kisha akapiga lipu. Aliona haya, na pengine ndiyo maana aliipiga vizuri kuliko lipu zote za maisha yake.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Akaupapasa ukuta.

"Mbona mmewahi lipu? Bado mbichi."

"Tunakimbizana na tarehe, mama," akasema Msabaha.

"Hata mimi nimeambiwa nisaini leo leo." Akamgeukia Ferdinandi. "Fundi, mlimwaga mfululizo?"

Ferdinandi akatazama viatu vyake. "Ndiyo, mama."

Mkaguzi akasaini, akaondoka. Ferdinandi akamfuata Msabaha ofisini.

"Bosi, lile jina..."

"Jina? Aa. Orodha inatoka juu, fundi. Mimi hapa mjenzi tu kama wewe."

Kile kipande cha mfuko kilikuwa kimekunjwa mara nne na kuwekwa chini ya mguu wa meza, isicheze.

Ferdinandi alirudi chumbani na nyundo na tindo, akaanza mlangoni. Lipu ilimeguka kirahisi, vipande kwa vipande, mpaka mstari wote ukawa wazi.

"Umerogwa?" Msabaha alipiga kelele. "Toka! Wewe na vyungu vya mkeo, tokeni saitini kwangu!"

Kelele zilimleta Eufrazia, unga bado mkononi. Akautazama mstari, akapitisha kidole ndani yake.

"Ndicho chumba changu hiki?"

"Ndicho. Nimemdanganya mkaguzi, mama Vaileth. Kwa ajili yako."

Eufrazia akakifuta kidole kwenye kanga.

"Basi ni ile miezi mitano," akasema.

Wakakusanya masufuria. Walipokuwa getini walimsikia Msabaha akiuliza nani mwingine anajua kupiga lipu, na mikono mitatu ikanyooshwa.