Fathiya na Ngoma za Wajapani

Kwa miaka minne Mbarak na mkewe Fathiya walipendana kwa simu, Mbarak akiwa Guangzhou, China, akisafirisha makontena, mkewe akiwa Unguja. Walizungumza mpaka chaji iishe. Fathiya alipokuja hatimaye, maneno yakawakimbia. Walikula wakitazama sahani. Jumatatu jioni mkewe alimtumia ujumbe wa sauti kutoka chumbani, na Mbarak yuko sebuleni: "Nimeshakata tiketi. Ijumaa narudi nyumbani."

Mbarak aliusikiliza, akaurudia, kisha akajibu kwa simu hiyohiyo: "Sawa."

Hakutaka kusema sawa.

Kesho yake mzigo ulichelewa, akarudi nyumbani adhuhuri. Mlangoni alisikia ngoma zikipigwa mfululizo bila kupumzika, magitaa yakikimbizana juu yake, na kijana akiimba Kijapani kama mtu anayewahi treni. Fathiya alikuwa katikati ya sebule, peku, kanga kiunoni, akirukaruka huku jasho likimtoka. Alipomwona mumewe, akauzima muziki.

"Umeupata wapi muziki huo?"

"Mtaa wa Yide Lu, siku ile uliponipeleka kwenye maduka ya vitu vya watoto. Wasichana wa duka walikuwa wakiusikiliza huku wakifunga maboksi, wanacheza hukohuko. Nikaomba waniwekee kwenye simu."

"Na maneno unayaelewa?"

"Hata moja. Ndiyo raha yake. Hayaniulizi kitu."

Mbarak alivua viatu. "Washa."

"Utaweza, mzee wa kontena?"

"Wewe washa tu."

Ngoma zikaingia. Mwanzoni alijaribu kupanga hatua, lakini muziki haukumpa nafasi ya kupanga, wala ya kuona haya. Ulimnyanyua visigino. Fathiya akamfunga kanga ya pili kiunoni, akaikaza, akamcheka jinsi tumbo lilivyokuwa likichelewa kufika. Kicheko kile Mbarak alikijua simuni. Alichosahau ni kwamba mkewe akicheka hufumba jicho moja.

Wimbo ulipokwisha walikuwa wakihema, wameshikana mabega wasianguke.

"Ijumaa usiende," Mbarak alisema.

"Jana ulisema sawa."

"Jana niliogopa."

Fathiya alimpangusa jasho la shingoni kwa ncha ya kanga, taratibu, upande mmoja kisha wa pili.

"Wakala wa tiketi anafunga saa ngapi, nikairudishe?" Fathiya aliuliza.

"Saa kumi na moja."

Fathiya akatazama saa ya ukutani, kisha akauanzisha wimbo upya.