Kiti cha Baba Hope

Gerson Sumari aliijua miji ya Tanzania kwa milango yake ya nyuma. Ukimwuliza Dodoma ikoje, atakuambia jukwaa la ukumbi lina soketi moja tu inayofanya kazi, nayo iko upande wa kushoto. Mwanza kwake ni ngazi nyembamba ambazo spika hazipiti mpaka zilazwe ubavu. Tanga wanawapa wanamuziki chai ya maziwa kabla ya kupima sauti, Mungu awazidishie. Kwa miaka ishirini na kitu alikuwa akipiga gitaa la ridhimu katika bendi ya Upepo Mwanana, na muda wote huo hakumbuki kuingia ukumbini kwa mlango wanaoingilia wageni. Mpiga ridhimu ni chumvi ya mboga, akiwepo hakuna anayemsifu.

Alilala kwenye Coaster ya bendi, akakausha soksi zake kwenye kioo cha dirisha, na chakula chake alikizoea kikija mwisho, kule kwenye masufuria, watu wote wakishashiba. Hakulalamika. Alikuwa na nadharia kwamba ukoko wa pilau ndio pilau yenyewe, na aliitetea nadharia hiyo kutoka Songea mpaka Musoma.

Nyumbani kwake ni juu ya Maji ya Chai, miteremkoni mwa Meru, kwenye kihamba cha kahawa na migomba alichokirithi kwa baba yake. Huko aliishi mkewe Lydia na binti yao mmoja, Hope. Gerson alikuwa akifika huko kama mvua za vuli, ambazo hutangazwa sana kabla hazijaonekana.

Basi mwaka huu Hope akafikia kupata kipaimara, na Lydia akapiga simu.

"Baba Hope, mwanao amesema kiti chako kisiwekwe meza kuu."

"Kisiwekwe kwa nini?"

"Anasema kitakaa wazi kama kile cha mahafali."

Habari za kile cha mahafali Gerson alikuwa amezisikia. Hope alipomaliza darasa la saba, shule ilibandika karatasi kwenye kila kiti cha mzazi. Kiti kilichoandikwa "Baba Hope" kilikaa mstari wa mbele tangu wimbo wa taifa mpaka sala ya mwisho bila mtu, hadi mgeni mmoja akaona aweke mkoba wake hapo. Watoto walicheka. Gerson siku hiyo alikuwa Korogwe, akiangalia gurudumu likizibwa pancha. Hope alipobatizwa alikuwa Mbeya. Alipopelekwa sekondari na tranka lake kichwani, baba yake alikuwa hata hajui yuko wapi, ila kulikuwa na joto. Kote huko aliyesimama badala yake ni mdogo wake, Kaanaeli, mkulima mpole ambaye kwa kazi hiyo ya kuwa baba wa akiba alikwishashona suti.

"Mwambie nakuja," alisema Gerson. "Nitakaa kwenye hicho kiti mpaka kiote mizizi."

"Mwambie mwenyewe. Mimi kiti nitaweka, mbele ya kanisa zima na ukoo wako wote. Lakini ahadi ni deni, Baba Hope. Kikibaki wazi tena, usinipigie kunieleza habari za pancha."

Hapo Gerson aliogopa kwelikweli. Kipaimara cha Wameru si jambo la kumaliza kwa soda na biskuti. Yanasimamishwa maturubai, anakodiwa mshereheshaji, wanaitwa wajomba ambao hawajasemeshana tangu uchaguzi wa wazee wa kanisa, na mtoto anakalishwa mbele ya watu hao katikati ya wazazi wake. Kiti kikiwa wazi siku hiyo, kitakuwa wazi maisha yote.

Kwa bahati, bendi ilikuwa na onyesho Njiro Jumamosi usiku kucha na jingine Moshi Jumapili jioni, na Maji ya Chai iko njiani. Hans, kiongozi wa bendi, mtu mwenye tumbo kubwa na huruma ya kiasi, alimruhusu. "Nenda kaone mtoto. Saa kumi tunakupitia. Honi mbili, uwe umeshasimama." Ila hakumruhusu kuondoka kabla vyombo havijapakiwa, kwa kuwa sheria ya Upepo Mwanana ni kwamba anayepiga ndiye anayebeba. Kwa hiyo Jumapili, wakati Hope akiwekewa mikono na mchungaji, baba yake alikuwa Njiro amekumbatia spika.

Alifika Maji ya Chai akachukua bodaboda kuelekea juu, gitaa mgongoni, shati la maonyesho jekundu likiwaka jua. Njiani alimwandikia Lydia ujumbe: "Nimefika." Lydia aliusoma meza kuu, akatazama getini, akaona kuku. Alikwishapata "nimefika" nyingi kutoka kwa mtu huyo, na moja ilitumwa kutoka Singida. Akairudisha simu kwenye pochi.

Getini palikuwa na magari, wazee waliovaa makoti, na akina mama waliofunga vilemba vya sare. Mtu mwingine angepita katikati yao akiwaamkia, kwa kuwa nyumba ni yake na mtoto ni wake. Gerson alimwambia dereva wa bodaboda azungukie nyuma. Wala hakufikiri. Aliingia kupitia kwenye migomba, akatokea jikoni, ambako mpishi aliyekodiwa kutoka Maji ya Chai, mama mmoja aliyeitwa Soila, alikuwa akigeuza ndizi nyama kwa mwiko mrefu kuliko yeye.

Mama Soila hakuwahi kumwona. Aliona gitaa, akaona shati jekundu.

"Wa muziki? Wenzako wako pale nyuma ya spika. Chakula chenu baadaye, wageni wakishakula."

Sasa hapa ndipo mtu mzima alipotakiwa kusema: mama, mimi ndiye mwenye mji. Maneno matano. Gerson alifungua kinywa na yakatoka aliyoyasema miaka yote.

"Haina shida, mama. Ukoko usitupe."

Mazoea yana taabu. Alijiambia anapoa kidogo tu, anawe uso, kisha azunguke mbele kama baba. Lakini nyuma ya spika walikuwepo vijana wawili wa kinanda na ngoma, na spika yao ilikuwa ikivuma, mmm, mmm, kama nyuki aliyefungiwa kopo. Wapo watu wanaoweza kuiacha spika ivume hivyo. Gerson hakuwa mmoja wao. Akapiga magoti kwenye majani, akachomoa waya, akaung'ata, akauchomeka upya. Mvumo ukakata.

"Shikamoo mshua," alisema kijana wa kinanda kwa heshima mpya kabisa. "Mpiga gitaa wetu katuzingua, hajatokea. Si ushike kidogo?"

"Marahaba. Kidogo tu," alisema Gerson, "mimi nina kiti changu mbele." Na akachomeka gitaa.

Upande wa pili wa spika, Hope alikuwa amekaa na gauni jeupe, mkono wa kulia mama yake, mkono wa kushoto kiti. Kilikuwa kimefungwa utepe wa dhahabu kama vingine. Hakukiangalia. Alikuwa ameshapanga moyoni kwamba akiulizwa atasema baba yuko kazini, na kwamba atalisema hilo akitabasamu. Watu wanaomjua vizuri wangeona anavyoubana mkono wa kile kiti.

Mshereheshaji, Tajeu, kijana wa Olmotonyi mwenye sauti inayofika Kenya bila pasipoti, alikuwa ameshawaingiza wajomba, mashangazi, kwaya na mzee wa kanisa. Kila aliyeitwa aliingia akicheza, ndiyo desturi. Sasa akavuta pumzi.

"Ndugu wageni! Namwomba baba mzazi, popote alipo, aje achukue nafasi yake! Muziki!"

Gerson alisikia neno la mwisho. Nyuma ya spika, unaposikia muziki, mkono unatangulia na masikio yanafuata. Akapiga. Alipiga mwingilio ambao Hans angemtoza faini kwa wivu: nyuzi zikajibizana, kijana wa ngoma akadaka, akina mama wakanyanyuka na vitambaa vyao hewani. Kutoka pale alipokuwa aliona vilemba na kofia tu. Anayeingia ana bahati, aliwaza, namwingiza kama bwana harusi.

Kaanaeli alikiangalia kile kiti. Akamwangalia Hope. Muziki ulikuwa unachemka na hakuna anayeingia, na mtoto alikuwa ameanza kulitabasamu lile tabasamu. Akafunga kifungo cha suti, akasimama, akayarudi magoma mpaka mbele, kwa aibu na kwa upendo, akaketi.

"Baba Hope huyoooo!" alipaza Tajeu.

Hapo masikio ya Gerson yakafika. Alichungulia pembeni ya spika, akamwona mdogo wake amekaa kwenye kiti chenye utepe wa dhahabu, akifuta jasho kwa leso. Vidole vilikuwa bado vinapiga. Alikuwa amekesha Njiro, akaja moja kwa moja kukaa kwenye kiti kile, na sasa amempigia mtu mwingine muziki wa kukikalia. Aliona aibu iliyomshuka mpaka miguuni, akatamani apitie tena kwenye migomba.

Lakini Hope alikuwa amegeuza kichwa. Baba yake hakuwa mzungumzaji wa simu. Maneno yakimwishia, na yalimwishia mapema, alikuwa akiilaza simu mezani na kumpigia gitaa mpaka salio likatike. Mkono ule aliujua kuliko sura yake. Akainuka, akakusanya gauni lake, akapita kati ya meza huku Tajeu akisema ngoja binti, ngoja binti. Akatokea nyuma ya spika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hongera mwanangu."

"Unafanya nini huku?"

Gerson alilitazama gitaa utadhani amevishwa na mtu mwingine. "Napiga."

"Unampigia nani?"

"Baba mzazi."

Hope alicheka. Alicheka mpaka akashikilia spika, kisha akawa hacheki tena, anafuta macho kwa glavu nyeupe, na kijana wa kinanda akajitia anakagua waya. "Twende ukakae," alisema Hope.

Kaanaeli aliwaona wakija, akaruka kama aliyekalia siafu. "Kaa, kaka. Kimeshapata moto."

Watu wakapiga vigelegele. Lydia hakumwangalia mumewe, alimkung'uta tu majani magotini, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Baba Hope, shati gani hili?" aliuliza, na Gerson akajua amesamehewa nusu. Tajeu akamtia kipaza sauti mkononi, ajitambulishe. Gerson hakuwahi kuzungumza kwenye kipaza sauti maishani, vyote alivibeba tu.

"Naitwa Gerson," alisema. "Mimi ni baba yake Hope."

"Kumbe!" alisema bibi mmoja wa kwaya, kwa mshangao wa kweli. "Miaka yote hii mimi najua ni Kaanaeli!"

Turubai zima lilicheka. Gerson naye alicheka, lakini iliuma, iliuma sana, kwa sababu bibi yule hakuwa anatania.

Na honi ikalia huko barabarani, mara mbili.

Coaster ilikuwa getini. Wapiga muziki wa Upepo Mwanana walishanusa pilau, na kufumba na kufumbua walikuwa wamezunguka nyuma, sahani mkononi, Hans mbele. Magoti ya Gerson yalikwishaanza kunyanyuka yenyewe. Hope aliyaona. Akanyoosha mkono akachukua kipaza sauti.

"MC, samahani. Naomba tukate keki sasa."

Tajeu alishtuka. "Ratiba inasema chakula, zawadi, nasaha, ndipo keki. Keki ni mwishoni, binti."

"Najua. Lakini baba anaondoka, na mimi nataka nimlishe keki akiwepo."

Hakusema kwa hasira. Hasira Gerson alikuwa ameiandalia majibu tangu Njiro. Hope alisema kwa utaratibu, kama mtu anayeanua nguo kwa kuwa wingu limeonekana, na mpishi akaambiwa asogeze masufuria, na wazee wakaanza kuhamisha viti, na sherehe nzima ya watu ikaanza kugeuzwa kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakuwahi kugeuza chochote kwa ajili yake.

Gerson akachukua gitaa lake, akasimama. Lydia akafumba macho. Lakini hakwenda getini. Alikwenda kwenye masufuria, ambako Hans alikuwa akigombania ukoko, akamvalisha gitaa shingoni.

"Ridhimu Moshi nani atapiga?" aliuliza Hans, mdomo umejaa.

"Wewe. Siku zote unasema ni kazi rahisi."

"Gerson, usinifanyie hivyo. Watu wameshalipa!"

"Kuleni, mshibe, mwende salama."

Akarudi kwa kupita mbele, katikati ya wageni, akiwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, njia ndefu kwa mtu asiyeizoea. Akakaa kwenye kiti. Akamwomba Hope kile kipaza sauti.

"MC," alisema, "fuata ratiba. Keki mwishoni."

Hope akamgeukia. "Mwishoni ni usiku, baba. Wajomba wote watatoa nasaha."

"Wote?"

"Wote. Na mjomba Elihuruma anaanzia uhuru."

Gerson alivuta kiti chake mbele, kikasugua majani. "Basi," alisema, "mwambie aanze."