Usuluhishi wa Benki

Palikuwa na mhasibu mmoja aliyekuwa bahili wa maneno kuliko alivyokuwa bahili wa fedha, na fedha zenyewe alizishika barabara. Salamu aliijibu kwa kope. Akitaka chai alisema "Chai", na asipoitaka alisema "Si chai". Mtaani walidai kwamba siku ya ndoa yake alipoulizwa kama ameridhia, aliomba kalamu akatia alama ya vema.

Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo, hupandwa kwa ngazi ya chuma inayomtangaza mgeni kabla hajafika. Humo ndimo alimokuja binti mmoja aliyemaliza shule, awe mwanagenzi: ajifunze uhasibu kwa kuutenda, ubavuni mwa anayeujua, kwa posho ya nauli na sabuni. Akimaliza miezi ya majaribio na kutiwa saini mkataba, ofisi ingemlipia mitihani mpaka naye awe mhasibu kamili. Majaribio yalikuwa yanakwisha Ijumaa. Asipotiwa saini, baba yake, fundi cherehani asiye na akiba, alikwisha kupatana na mdogo wake mwenye banda la kuku wa kuchinja kwamba Jumatatu binti aanze kazi ya kunyonyoa. Binti hakuwa na kinyongo na kuku. Ila hakutaka kujuana nao kwa namna hiyo, siku zote za umri wake.

Jumanne jioni Mhasibu akainua macho.

"Mwanagenzi."

"Naam, Mzee."

"Kesho, usuluhishi wa benki."

Msichana hakupata kulisikia neno hilo likiambatana na benki. Shuleni, mwalimu wao wa hesabu za biashara alihamishwa kabla ya kuifikia sura hiyo, na aliyeletwa badala yake alikuwa mwalimu wa michezo.

"Kwani kumetokea nini, Mzee?"

"Hatupatani."

"Sisi na benki?"

"Sisi na benki. Tangu mwezi wa tatu."

"Ni jambo kubwa?"

"Linakua."

"Na mwenye kosa ni nani?"

"Ndilo la kutafuta. Aghalabu ni wao." Mhasibu akafikiri kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Pengine ni sisi."

"Sasa mimi nifanyeje, Mzee?"

"Twaa ya kwetu. Twaa ya kwao. Linganisha. Usipendelee upande."

"Na nikishindwa?"

"Ijumaa iko karibu," akasema Mhasibu, akavaa kofia yake akaondoka, akiwa ametumia maneno ya wiki nzima.

Chumba cha pili alikaa karani, bwana mmoja mnene aliyepewa lakabu ya Kasuku, ambaye alisema kwa niaba ya ofisi yote. Msichana akamwendea.

"Kaka, Mzee na benki wana ugomvi?"

"Ugomvi?" Kasuku akaweka kalamu chini kwa raha. "Mdogo wangu, Mzee na meneja wa pale ng'ambo hawaamkiani hata barabarani. Akimwona huyu anakuja, yule anaanza kusoma mabango ya dukani. Juzi alisoma bango la mganga wa meno mpaka mganga akatoka kumkaribisha ndani. Kwani vipi?"

"Nimetumwa nikawasuluhishe."

Kasuku alimtazama kwa huruma kubwa. Yeye alishughulika na barua na mihuri tu, hesabu hazikumhusu. "Mungu akutangulie," akasema.

Nyumbani aliishi shangazi yake, dada mkubwa wa baba, na mwanamke huyo alikuwa amepatanisha wake wenza, mawifi, wapangaji na wenye nyumba, na ndugu wawili walioachiwa urithi wa kitanda kimoja. Aliposikia habari hiyo alikunja mkeka wake kama jemadari anayekunja ramani.

"Peke yako huendi," akasema. "Msuluhishi asiye na mvi hudhaniwa mjumbe, na mjumbe huambiwa arudi kesho."

"Lakini shangazi, ni kazi ya ofisi."

"Ofisi ni watu, mwanangu, na benki ni watu, na kila mtu ana nyongo. Baba wee, mwambie mwanao."

Fundi cherehani alikuwa na pini mdomoni. Akatikisa kichwa kwa namna ambayo kila mmoja aliweza kuidhania ni ya upande wake.

"Sikiliza," Shangazi akaendelea. "Usuluhishi haufunguliwi kwa shauri lenyewe. Hufunguliwa kwa kuulizana hali. Kisha mwache aliyekasirika aseme mpaka achoke, na akichoka, mwombe arudie. Mara ya pili mtu huona haya ya maneno yake."

Asubuhi ya Jumatano wakaingia benki, Shangazi amevaa kanga zake za kwenda kuposa. Binti wa dirishani akawauliza wanataka huduma gani.

"Tumekuja kusuluhisha," akasema Mwanagenzi, akataja ofisi yake.

Yule binti aliguna kidogo, akaingia ndani, na punde wakaitwa chumbani kwa Meneja, bwana nadhifu mwenye tai iliyobana na droo nyingi.

"Amewatuma yeye mwenyewe?" akauliza.

"Hujambo, baba?" akasema Shangazi, akaketi. "Watoto hawajambo? Na mgongo? Maana kiti hicho nakiona kirefu, kitakuumiza."

Meneja, ambaye siku nyingi hakuulizwa habari za mgongo wake, akakiri kwamba unamsumbua. Shangazi akampa pole. Kisha akatulia kama mvuvi aliyeona chambo kinacheza.

"Mama, mtu yule hana adabu," Meneja akafunguka. "Mwaka jana tulichapisha kalenda kwa wateja. Aprili ikatokea na siku ya thelathini na moja. Ni kosa la mpiga chapa. Wateja wote walinyamaza. Yeye akaizungushia wino mwekundu, akairudisha kwa mkono wa karani wake, na chini ameandika: Riba ya siku hii atalipwa nani?"

Shangazi aliuma ncha ya kanga. "Pole, mwanangu. Hebu rudia hapo kwenye riba."

Meneja akarudia, na mara ya pili kisa kilitoka kifupi zaidi, na sauti ilikuwa na aibu.

"Na tangu hapo?"

"Tangu mwezi wa tatu ananiandikia barua kuhusu makato fulani. Zote zinaanza: Iwapo mnajua kuhesabu. Nimjibu mtu kama huyo?"

"Umezifanya nini?"

Meneja akatazama droo moja. Shangazi naye akaitazama. Msichana pia akaitazama. Droo haikuwa na la kujitetea.

"Nilidhani zitapoa," akasema Meneja.

Hapo binti wa dirishani akaingia na karatasi. Moja ilikuwa taarifa ya akaunti ya ofisi tangu mwezi wa tatu. Nyingine ilikuwa fomu tupu, ambayo kwa desturi hupewa kila atamkaye neno lile pale dirishani. Mwanagenzi akaipokea, akaisoma. Juu pameandikwa: Usuluhishi wa Benki. Kushoto: Salio kwa mujibu wa vitabu vyenu. Kulia: Salio kwa mujibu wa benki. Chini: Tofauti na sababu zake.

Masikio yakapata moto. Akayasikia tena maneno ya Mhasibu moja baada ya jingine, twaa ya kwetu, twaa ya kwao, na kila neno likamgeuzia uso mwingine. Kumbe kilichotakiwa kusuluhishwa kilikuwa tarakimu na tarakimu. Na yeye ameleta shangazi.

"Shangazi," akanong'ona, "twende. Nimekosea. Si watu, ni hesabu."

"Nyamaza, mwanangu. Nimeshamshika."

"Shangazi, nakusihi."

"Hesabu hazina mdomo wa kugombana. Baba, hebu tusomee hayo makato ni ya nini."

Meneja, aliyekwisha kulainika, akavuta taarifa ile, akapitisha kidole, kikasimama. Akamwita binti wa dirishani, wakanong'onezana juu ya namba mbili za akaunti zilizopishana tarakimu moja ya mwisho. Tangu mwezi wa tatu, ada za duka la vioo la chini zilikuwa zikikatwa kwa wahasibu wa juu.

"Makato yamekosea mlango," akasema Meneja kwa sauti ndogo. "Yamepanda ngazi."

"Mnaona," akasema Shangazi. "Sasa inuka."

"Niende wapi?"

"Kumwambia. Karatasi haipeani mkono na mtu."

Ngazi ya chuma ikatangaza watu watatu. Mhasibu akainua macho, akamwona mwanagenzi wake aliyekauka midomo, akamwona meneja wa benki akiwa na karatasi kifuani kama ngao, na baina yao bibi asiyemjua, akitafuta kiti kwa macho.

"Mwanagenzi."

"Naam, Mzee."

"Nani huyu?"

"Shangazi yangu, Mzee."

"Kafuata nini?"

"Usuluhishi."

Kasuku, mlangoni, kwa mara ya kwanza katika ajira yake, hakuwa na la kuongeza. Shangazi akawaketisha mabwana wawili wakitazamana, akawauliza hali, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumkatiza, mambo yakaenda kwa taratibu zake. Meneja akaeleza habari ya ada zilizopanda ngazi, akaahidi kuzirudisha, akaomba radhi kwa barua zilizolala. Mhasibu akaipokea karatasi, akaisoma mpaka chini, kisha akasema jambo lililomgharimu: "Ile riba. Nilizidisha." Wakapeana mikono. Shangazi akaaga, akasema hatadai chochote, ila mgongo wa Meneja ukandwe kwa maji ya moto.

Mwanagenzi akashinda siku mbili akiijaza ile fomu, kimya, akitwaa ya kwao na ya kwetu. Tofauti zote zikapata sababu. Hakuna aliyemwambia neno. Usiku aliota manyoya.

Ijumaa Mhasibu akamwita. Mkataba ulikuwa mezani, haujatiwa saini.

"Neno hukulijua."

"Sikulijua, Mzee."

"Mbona hukuuliza?"

Kukubali kungekuwa adabu, ila kusingekuwa kweli. "Niliuliza, Mzee. Niliuliza kuna nini, ukasema hatupatani. Niliuliza mwenye kosa nani, ukasema aghalabu ni wao. Niliuliza nifanyeje, ukasema nisipendelee upande."

Mhasibu akayapitia majibu yale kama apitiavyo risiti, moja moja, akitafuta lenye kasoro. Hakuliona. Yalikuwa sahihi yote. Ndipo mabega yake yakaanza kutikisika, na kooni mwake mkatoka sauti ambayo ofisi haikupata kuisikia. Kasuku akaja mbio na glasi ya maji, akidhani Mzee amepaliwa.

"Si maji," akasema Mhasibu, akifuta macho. Akavuta mkataba, akatia saini, akaupuliza wino ukauke.

"Jumatatu," Mhasibu akaanza, akasita, akavuta pumzi kama mtu anayejitosa kwenye maji baridi. "Jumatatu tunafunga hesabu za mwezi. Na nikisema kufunga, sikusudii kufunga kwa kamba. Wala kwa kufuli. Wala usije bila kula ukadhani ni ibada. Maana yake ni kujumlisha kila safu, kuandika salio, na kutoongeza kitu chini yake. Ndugu yeyote asihusike. Umeelewa?"

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu kuoa, nayo yalimchosha, akaegemea kiti. Msichana, ambaye kwa kweli alikuwa amekwisha kupanga kupitia dukani kununua kamba, akaitikia kwa adabu.

"Nimeelewa, Mzee. Na kuzifungua, je, hufunguliwaje?"

Mhasibu akamvutia kiti.

"Chai," akamwambia Kasuku. "Lete birika zima."