Masharubu ya Kinyozi na Mzimu Mwenye Mafua

Saluni ya kinyozi huyu ilikuwa na sheria moja: anayefuata kwenye foleni ndiye anayemsomea aliye kitini. Na hadithi ni za kutisha tu. Mtu mwenye hofu hatikisi kichwa, na kichwa kilichotulia hunyoleka vizuri. Kwa miaka kumi na tisa mwandishi alikuwa yuleyule, marehemu wa zamani ambaye wateja walimbandika jina la Mzee Jinamizi. Watu wazima na ndevu zao walitoka pale wamenyolewa safi, wakaogopa kupita uchochoroni peke yao.

Sasa kinyozi alikuwa amepata kitabu cha mzee huyo ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Alijigamba mwezi mzima, hadi fundi cherehani wa mlango wa pili, ndugu wa mkewe, akachoka.

"Shemeji, hakuna kitabu cha kunitoa ukelele mimi."

"Hiki kitakutoa. Usipopiga kelele, nanyoa masharubu yangu."

Wateja wote wakageuka kumtazama. Masharubu yale yaliizidi ndoa yake umri, na kila asubuhi aliyapaka mafuta kabla hajamsalimia mkewe.

Jumamosi fundi akakaa kitini na nywele zake nene alizozionea fahari. Dereva wa lori, aliyekuwa anafuata, akafungua kitabu. Kurasa kumi na mbili za mapazia. Halafu sita za jinsi mapazia yalivyoshonwa. Bado hajafa hata kuku.

"Ruka mbele, ndugu yangu," kinyozi akasema, jasho likimtiririka.

Dereva akaruka. Mzimu ukatokea. Ukapiga chafya. Ukaomba blanketi.

"Blanketi?"

"La sufu," dereva akasema. "Anadai lile jingine linamwasha."

Fundi akaangua kicheko, kichwa kikaruka, na mashine ikapita katikati ya utosi kama trekta shambani. Akainua macho kwenye kioo.

Ukelele alioupiga ulisikika hadi kituo cha mafuta.

"Kapiga kelele!" dereva akashangilia. "Masharubu yamepona!"

Kinyozi akayapapasa. Angeweza kunyamaza tu, mambo yakaishia hapo. Lakini kudanganya ni kitu ambacho hakukiweza.

"Hapana," akasema. "Kilichomtisha ni kazi yangu. Hapa Mzee Jinamizi kaandika upuuzi, Mungu amrehemu, nami upuuzi siupigii debe."

Akajipaka povu, akashusha wembe mara mbili. Mdomo wa juu ukabaki mtupu kama sahani iliyolambwa. Fundi akasahau msiba wa utosi wake.

"Shemeji! Sasa wewe ndiye wa kutisha. Dada yangu atakufungulia mlango kweli?"

Kinyozi akachana ukurasa wa kwanza wa mapazia, akafutia wembe. Karatasi ilikuwa nene, inanyonya povu vizuri sana.

"Zimebaki kurasa kumi na saba," akasema. "Haya, tulia nikumalizie."