Kazi ya Mbawakawa

Mbegu za mchicha ule hazikuuzwa dukani. Mama mkwe alikuwa akizivuna mwenyewe na kuzipanda tena, miaka nenda miaka rudi, mpaka maradhi yakamlaza na mkebe wake wa mbegu ukabaki mtupu. Alipokufa aliacha mashina matano nyuma ya jiko, ndiyo kwanza yanatoa mashuke. Yakipotea hayo, basi tena.

Mke wa mwanawe, fundi cherehani, ndiye aliyebaki kuyatunza. Asubuhi moja alikuta mbawakawa asiowajua wametapakaa kwenye mashuke: wadogo kama dengu, weusi, wana mabaka ya rangi ya chungwa. Majani yalikuwa yamejikunja na yananata.

Wifi yake, binti wa marehemu, alikuwa amekuja kuwatembelea. Alipowaona, uso ukambadilika.

"Wifi, mama hajatimiza hata miezi miwili kaburini, nawe unawalisha wadudu mboga yake?"

"Sijawajua bado. Ngoja kwanza niwaulize wanakula nini."

"Watakujibu kwa lugha gani?"

Fundi hakununa. Wifi ni wifi, hata utani wake una mwiba. Isitoshe, yeye hakati kitambaa ambacho hajakipima. Alimwaga vifungo vyake kutoka kwenye chupa, akatia jani moja safi na jingine lililojaa vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaofyonza utomvu. Akawaingiza mbawakawa watatu, akafunga kitambaa mdomoni mwa chupa, akaenda kupeleka nguo za mteja.

Aliporudi mchana, jani safi lilikuwa zima, halina hata tundu. Lile la vidukari lilikuwa limefagiliwa, na mbawakawa mmoja kati ya wale watatu alikuwa anamalizia kumtafuna kidukari wa mwisho. Kumbe hawa ndio waliokuwa walinzi! Fundi alitoka mbio na chupa mkononi.

Wifi alikuwa amechuchumaa kando ya beseni la maji ya sabuni. Juu ya maji walielea mbawakawa, hata mmoja hatikisiki.

"Nimewamaliza," alisema, akijifuta vidole. "Nimewatoa mmoja mmoja. Mama alipokata roho sikuwahi kufika. Angalau hili nimemfanyia."

Fundi alitamani kuificha chupa nyuma ya kanga. Alimpenda wifi yake, pamoja na ulimi wake. Lakini akinyamaza, vidukari wangemaliza mashuke kabla mbegu hazijakomaa. Akamwonyesha majani yote mawili, akamweleza taratibu.

Wifi alitazama chupa, akatazama beseni. Machozi yalimtoka, yakadondokea kwenye maji yale yale.

"Sasa?"

"Wamebaki hawa watatu. Waweke wewe."

Akawaweka kwenye shina la mwisho, mmoja mmoja, kwa vidole vile vile. Wa tatu aligoma kushuka, akamtembea kiganjani, naye akamsubiri.

Mashina manne yakabaki bila mlinzi. Wifi alikuwa arudi kwake jioni ile, lakini hakurudi. Kila kulipopambazuka fundi alimkuta amepiga magoti kwenye tuta, anainua jani baada ya jani, anawaponda vidukari kwa kucha, akifanya kazi ya wale aliowaua. Aliendelea hivyo mpaka mbegu zikakomaa na kukauka.