Waya wa Dirishani

"Dirisha libaki wazi, Bi Mwanawema, waya usije ukabanwa," alisema Hafidh, huku anachomeka plagi ukutani, juu kidogo ya mkeka wa kusalia.

Mwanawema alikuwa amesimama mlangoni na mbuzi yake ya kukunia nazi kwapani. Meno ya mbuzi ameyanoa tangu alfajiri, alipoinuka kwenye mkeka, mpaka yakashika ukucha.

"Kwani kwenu umeme hamna?"

"Upo. Lakini friza mbili, spika, na hino mashine ya kukunia, kila tukiichomeka swichi kubwa inaruka. Mama kasema weye una taa moja tu, umeme wako umekaa bure."

Ni kweli, taa moja. Aliitia marehemu mumewe, Pandu, mwaka umeme ulipofika mtaani kwao Gando. Pandu alimuuliza shehe mbele ya msikiti mzima kama Edison, mzungu aliyeivumbua taa, anaandikiwa thawabu kila mtu akisoma msahafu kwa taa ile. Watu wakacheka. Shehe akasema Mungu ndiye ajuaye.

"Na hiyo mashine nayo ya Edison?"

"Edison wa taa, bibi. Mota hii ya mwengine, Tesla. Nazi moja hata dakika haimalizi. Haichoki, wala haingoji kualikwa." Hafidh alicheka, akaupitisha waya dirishani, akatoka, akaukunjua kinyumenyume kuvuka ua, mpaka jikoni kwa mama yake, Bi Khairat.

Miaka thelathini hapakupikwa wali wa harusi mtaani pale bila ya mbuzi ya Mwanawema. Mwalishi akipita nyumba kwa nyumba kualika, wengine huwaambia, "Uje." Yeye humwambia, "Uje na mbuzi yako." Safari hii, harusi ya Suhaila, binti wa Khairat, mtoto aliyemlea mapajani mama yake akiwa shamba, mwalishi alisema uje, akaenda zake. Mwanawema alijiambia kasahau.

Alipofika jikoni mashine imeshaanza, inanguruma kama nyuki waliochokozwa. Nazi sabini zimevunjwa, zinangoja. Nahla, wifi yake Khairat, alimtazama kwapani.

"Na hiyo umeileta ya nini? Kampe kuku alalie."

Wanawake walicheka. Hata wale aliowafundisha yeye kukamua tui walicheka.

"Njoo umenye vitunguu, basi," Nahla akamwambia. "Usikae bure."

"Nimesahau kanga yangu," Mwanawema alisema.

Nyumbani kanga ilikuwa imetundikwa pale pale, lakini hakuigusa. Alisimama mbele ya plagi. Ulimi wake ulizoea kutanguliza bismillahi hata katika kufungua kopo la chumvi. Mara hii ulinyamaza. Kidole kikabonyeza swichi ya ukutani. Kule uani mngurumo ukafa.

Haukupita muda, Khairat akaja mwenyewe, jasho linamtoka.

"Dada yangu, tuokoe. Hafidh anasema mota imeungua, keshaifungua yote. Wageni wa Wete wako njiani."

"Mitambo ndiyo hiyo," alisema Mwanawema. Uwongo hakuusema. Aliinama akachukua mbuzi yake.

Walimpisha. Aliketi katikati yao, beseni miguuni, na mikono ikajua kazi yake: kifuu kinageuka, nazi inashuka nyeupe, laini, bila hata chembe ya ganda. Nahla akavirudia vitunguu. Dirishani akatokea Suhaila, hina mpaka viwikoni.

"Ndiye bibi yangu anayenikunia?"

"Ndiye mie, mwanangu."

"Basi wali utakuwa mtamu."

Mwanawema hakuinua uso, wasije wakayaona machozi yake. Nazi ya ishirini ikapita, ya thelathini ikapita. Mabega yakaanza kuwaka moto. Mikono hii haikuwa tena ile ya mwaka wa harusi ya Khairat, nayo meno ya mbuzi yalinolewa na mtu aliyesahau umri wake. Katika nazi ya thelathini na nne kifuu kikamteleza. Hakuhisi maumivu. Aliona tu weupe wa beseni umeingia wekundu, na wekundu unatambaa.

"Damu," alisema Nahla, taratibu. "Beseni zima lishanajisika."

Ndipo mashine, iliyofungwa tena na kuachwa pembeni, ikanguruma peke yake, hapana mkono ulioigusa. Macho yote yaliufuata waya: uani, ukutani, hadi dirishani kwa Mwanawema. Hafidh alikuwa pale, anachungulia kutoka ndani.

"Mota nzima," alisema. "Swichi ilizimwa ukutani."

Suhaila alilishusha pazia.

Khairat hakupaza sauti. Aliuliza nazi ngapi zimebaki, akaambiwa hazifiki nusu. "Basi tui litiwe maji," alisema. Akamgeukia Mwanawema, akamfunga kidole kwa kitambaa, fundo zuri la kubana, kama mtu amfungavyo mtoto wa jirani.

"Nenda kapumzike, bibi," alimwambia. "Na tafadhali, dirisha usilifunge."

Mbuzi ilibaki jikoni. Hapana aliyemkumbusha, naye hakurudi kuifuata.

Alikaa juu ya kitanda. Adhana ya adhuhuri ilipita kichwani mwake kama maneno ya nyumba nyengine. Waya ulikatiza juu ya mkeka, na kila mashine ilipouma nazi mpya, ulitikisika kidogo. Aliusogeza mkeka. Chumba ni kidogo. Popote alipoutandika, waya ulikuwa juu yake.

Nyuma ya jiko beseni lilikuwa limemwagwa. Kuku wake mwenyewe, watano, walikwishafika, wanadonoa kwa pupa. Baadaye mmoja alirudi nyumbani, akaruka juu ya kizingiti cha dirisha lililo wazi, akauvuka waya kwa hatua ya uangalifu, akamtazama, chembe za nazi ya waridi zimemganda mdomoni.