Intaneti ya Nyumba ya Reino

Jumamosi jioni Lyle Prudhomme alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya kompyuta, kichwa katikati ya nyaya, akichomoa ruta, kisanduku cha intaneti, kwenye umeme. Sebuleni, kwenye televisheni, mchezaji wa hoki ya barafuni alikuwa amesimama mguu mmoja juu tangu Lyle alipoinuka kitini. Alikuwa karibu kufunga bao. Kwa intaneti ya nyumba ile angeweza kuzeeka pale pale, bado yuko karibu kufunga.

Ilikuwa nyumba ya Aila, mkewe, katika mtaa wa mteremko mjini Thunder Bay, mahali ambapo Wafini wamekaa siku nyingi hata watu wengine wakajifunza kuoga kama wao. Lyle alihamia humo kiangazi, baada ya harusi, na nguo zake, televisheni yake na koleo lake la theluji. Tangu siku hiyo hakuwa na raha na intaneti. Aliitoa ruta juu ya jokofu akaiweka rafuni. Alinunua waya mpya. Alizima kila kilichozimika. Alimshuku hata jirani, mtu wa watu asiye na chochote ila redio. Wapi! Mambo yalikuwa yale yale.

Akapiga simu kwa kampuni. Aliyepokea ni dada mmoja aliyejitambulisha kuwa Shauna, mwenye sauti ya mtu anayekunywa chai huku akisikiliza.

"Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, mzee wangu," alisema. "Haya. Kasi ikoje?"

"Inapaa."

"Basi laini yetu ni nzima. Shida yako iko hewani, humo humo ndani. Ngoja nitazame nani anawamalizia." Akapitia orodha ya waliomo. "Namwona Reino. Reino ndiye nani?"

"Mume wa kwanza wa mke wangu."

"Yupo hapo nyumbani sasa hivi?"

"Alishakufa. Kitambo."

"Ehe, basi ndiye huyo. Marehemu wana nafasi bwana, wanatazama kila kitu. Nyumba nyingi za huko kwenu zina mmoja. Badilisha nenosiri, halafu usimpe."

Lyle akashukuru, akavaa koti, akatoka uani, ambako dirisha moja lilikuwa bado linawaka.

Reino alikuwa ndani ya sauna, kijumba cha mbao cha kuogea mvuke alichokijenga mwenyewe nyuma ya nyumba. Watu wa pale wakishaoga Jumamosi hawazimi moto wala hawamwagi maji yaliyobaki. Joto la mwisho huachiwa waliotangulia, marehemu wa nyumba. Lyle si Mfini, naye alidhani ni adabu tu, watu wanajisemea. Kumbe mwenyewe alikuwa amekaa benchi la juu, taulo kiunoni, jasho linamtiririka, tableti ameiegemeza kwenye ndoo. Mchezo ule ule wa hoki ulikuwa unateleza mbele yake bila kukwama.

"Funga mlango, joto linatoka," Reino alisema.

Lyle akaufunga. Alimtazama mwenzake: mabega mapana, tumbo limelala, nywele zote zipo. Alikufa akiwa mdogo kuliko Lyle alivyo sasa, na tangu hapo hakuongeza hata siku. Roho ilimuuma Lyle, tena si kwa ajili ya hoki.

"Unatumalizia intaneti, bwana."

"Poleni sana," Reino alisema, na alimaanisha. "Ila hapa ninaipata vizuri. Waya wote wa nyumba hii niliupitisha mimi."

Lyle alirudi ndani, akabadilisha nenosiri. Alimpa Aila peke yake, kwa kuwa Aila hujaza chemshabongo kwenye simu kila asubuhi na asipojaza siku yake huharibika.

Jumamosi iliyofuata dirisha la sauna lilikuwa linawaka mwanga wa tableti kama kawaida. Lyle alimkuta Aila jikoni, anapanga vipande vya mkate mtamu wa iliki kwenye sahani nzuri, ile ya maua.

"Umempa nenosiri."

"Si aliniomba."

"Alikuomba saa ngapi?"

"Nilipompelekea kahawa."

"Kumbe unampelekea kahawa?"

"Lyle, mtu amekaa kwenye joto lote lile, unataka afe kiu?"

Lyle aliliacha hilo lipite. "Aila, mume wako ni mimi."

"Na nani kasema si wewe?" Akachukua sahani na birika. "Usianze kumwonea wivu maiti, watu watakucheka."

Hakuna aliyemcheka. Alibaki jikoni akiutazama mlango wa uani kwa wivu. Mwanamke mwenye mke mwenza anaweza angalau kutumaini kwamba siku moja atamzika. Mwenzake Lyle alikwisha kuzikwa, na haikusaidia kitu.

Akapiga simu tena kwa kampuni. Bahati akampata Shauna yule yule.

"Nataka umtie kwenye mtandao wa wageni," alisema. "Ule mdogo, wa mtu anayekuja kunywa chai na kwenda zake. Umbane humo humo."

"Umefikiri vizuri." Vidole vikagonga huko aliko. "Ila mzee wangu, mtandao wa wageni hapo tayari upo, tena umebanwa haswa. Ndani yumo mtu mmoja tu."

"Nani?"

"Simu ya Lyle. Kompyuta ya Lyle. Televisheni ya Lyle. Uliingizwa humo kiangazi, hukutolewa. Siku ile nilitazama mtandao mkubwa tu, nisamehe."

Lyle aliikumbuka siku hiyo. Aila alimpokonya simu kwa utani, akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, akamrudishia na kumwambia karibu. Lyle alifurahi siku nzima. Sasa alimngoja aingie na sahani tupu, kisha akamuuliza, simu bado iko mkononi.

"Watu wote wanaokuja naanza kuwaweka huko," Aila alisema. "Sikujua kama utakaa."

"Na sasa?"

Aila akafikiri, kwa dhati kabisa. "Sasa si umeshazoea?"

Lyle akaimeza hiyo nayo. Akasema kwenye simu, "Nitoe huko. Niweke kwenye mtandao wa nyumba."

"Naweza," Shauna alisema, "ila kwa aliyeingizwa kama mgeni nenosiri peke yake halitoshi, lazima mwenye akaunti akubali. Akaunti ni ya Reino."

Basi wakaenda wote hadi sauna, Lyle mbele na simu, Aila nyuma na birika lililojazwa upya. Reino alifuta mkono kwenye taulo, akaipokea simu, akamsikiliza Shauna mpaka mwisho. Halafu akamtazama Lyle kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Lyle kuliko kiburi.

"Hapana, msimhamishe," Reino alisema. "Huku kwetu kuna picha zetu zote, mimi na Aila, mambo ya miaka. Atajitesa bure. Ila mwongezeeni kasi huko aliko. Mgeni wetu asihangaike."

"Hilo limekwisha," Shauna alisema. "Kuna jingine?"

Hapakuwa na jingine.

"Umeona?" Aila alimwambia mumewe, akimmiminia Reino kahawa. "Reino hana roho mbaya."

"Asante," Lyle alisema.

Jumamosi nyingine ikafika. Lyle alioga wa kwanza, kama wageni wanavyotangulizwa, akajikausha, akajitupa kitini mbele ya televisheni. Aila akachukua taulo lake akaingia sauna baada yake. Picha haikukwama hata mara moja. Lyle alitazama kipindi cha kwanza, akatazama cha pili na cha tatu, mabao yote akayaona yanaingia. Mchezo ukaisha, wachezaji wakapeana mikono, matangazo yakapita, na Aila alikuwa bado hajatoka.